Usiku wa Kuamkia Kipimo

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia ninyi mnaofungua maduka Makambako kabla jua halijatoka, ninyi wa Njombe mjini, ninyi mnaolima viazi na kupasua mbao Makete, na wale mliotawanyika Mbeya, Songea na Dar es Salaam mkitafuta riziki. Nina neno moja tu, na nalisema mapema ili hata atakayeishia hapa kusoma awe amelibeba: usiku wa kuamkia kipimo cha hospitali, msinywe pombe. Si ulanzi, si komoni, si bia, wala ile glasi ya waini mnayosema ni ya kutuliza moyo. Usiku ule tafuteni mtu, msitafute chupa.

Silisemi kwa kubahatisha. Nimewasindikiza wengi Ikonda: ndugu, majirani, na watoto niliowalea baada ya wazazi wao kutangulia. Mnaijua hospitali ile ya Konsolata, iliyoanzishwa na wamisionari miaka ya 1960 kule juu Makete, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000, ambapo baridi ya Juni na Julai humwingia mtu hadi mifupani. Leo watu huifuata kutoka Songea, Mbeya, Iringa na mbali zaidi. Mgonjwa wa mbali hawezi kufika asubuhi ileile akawahi. Hufika jana yake, akatafuta gesti, akala, akajilaza, akisubiri alfajiri akapange foleni. Basi kati ya jua kuzama na alfajiri hiyo kuna saa ndefu. Mtu yuko peke yake na begi lake, karatasi ya rufaa iko mezani, simu imemwishia salio, na kichwani kuna swali moja linalozunguka: kesho wataniambia nini?

Saa hizo nazijua. Nimeziona kwenye macho ya watu wazima wenye nguvu za kubeba gunia. Sitawaambia kwamba hofu ile ni aibu au ni ukosefu wa imani. Mwili ni wako, maisha ni yako, na anayekwenda kuambiwa habari za mwili wake bila kutetemeka hata kidogo huenda hajaelewa anachokwenda kusikia. Hofu si dhambi. Ninachokiogopa kwa ajili yenu ni kile mnachoifanyia hofu hiyo.

Zamani kijana mwenye hofu alijiendea kilabuni akanywa mpaka akasahau. Siku hizi jambo limevikwa nguo nzuri. Mmoja anamwambia mwenzake: kesho una vipimo, usijitese, jipe raha, oga maji ya moto, washa mshumaa, weka muziki laini, fungua waini ya Dodoma, glasi mbili tatu, utalala kama mtoto. Maneno hayo yanasemwa kwa upendo, ndiyo maana yana hatari. Maji ya moto ni mazuri. Muziki laini ni mzuri. Mshumaa hauna ubaya ukiuzima kabla ya kulala. Kilichobaki, ile waini, ndicho ninachowakataza.

Nyote mliokulia huku mnajua mtu wa baridi anavyojidanganya. Akinywa, uso na mikono vinapata moto, akadhani ameishinda baridi. Kumbe pombe imefungua mishipa ya ngozi, na joto lililokuwa linalinda moyo na tumbo linatoka nje. Anajisikia moto wakati ndani anapoa, na akilala njiani namna hiyo hukutwa asubuhi amekakamaa. Hofu nayo ni hivyohivyo. Glasi inakupa kujisikia umetulia, huku ikikuondolea kile ambacho kingekubeba kesho: usingizi kamili, akili safi, na miguu ya kukupeleka mlangoni kwa daktari.

Tuanze na usingizi, maana ndio unaotajwa sana. Ni kweli pombe humlaza mtu upesi. Lakini ini likiendelea kuiondoa pombe mwilini, nusu ya pili ya usiku inavurugika. Saa nane, saa tisa, mtu anazinduka, koo limekauka, moyo unadunda, jasho linamtoka, na kibofu kinamwita. Ubongo uliokuwa umekandamizwa na kileo sasa umechachamaa. Ile hofu aliyoilaza inaamka pamoja naye, tena ikiwa na nguvu kuliko saa mbili usiku, na saa hiyo hakuna wa kuzungumza naye. Aliyekwepa saa tatu za wasiwasi amejinunulia saa tatu mbaya zaidi.

Kisha njooni kwenye kipimo chenyewe. Wengi wenu mnaambiwa: njoo bila kula. Mnadhani katazo ni la ugali tu. Pombe inalizuia ini kutoa sukari yake, kwa hiyo aliyekunywa na kulala na njaa sukari yake inaweza kushuka kuliko kawaida. Aliyekunywa waini tamu kwa wingi anaweza kuleta tatizo la upande wa pili. Mafuta ya kwenye damu hupanda baada ya ulevi. Vipimo vya ini navyo huvurugika, zaidi kwa mnywaji wa mara kwa mara. Presha na mapigo ya moyo, saa kumi na mbili na zaidi baada ya kunywa sana, huwa juu. Fikiria basi: umetoka Ludewa, umelipa nauli, umelipa gesti, umepanga foleni, halafu karatasi unayopewa inaeleza habari za chupa ya jana badala ya habari za mwili wako. Daktari makini atakuambia urudi upimwe tena. Nauli mara mbili, na usiku wa hofu mara mbili.

Kuna vipimo ambavyo kosa lake si nauli tu. Anayekwenda kuingizwa kamera tumboni, au kupewa dawa ya usingizi ili akatwe kipande kidogo cha nyama au apasuliwe, anaambiwa asile wala asinywe tangu usiku. Agizo hilo lina sababu. Kilichomo tumboni kinaweza kurudi juu na kuingia mapafuni wakati mtu hajitambui. Na pombe ikikutana na dawa za kutuliza, zote mbili zinapunguza pumzi. Mtu anaweza kuponea ugonjwa uliompeleka pale, akadhurika kwa kile alichokunywa gesti. Kwa hiyo kama tayari umekunywa, mwambie muuguzi ukweli kabla hajakugusa. Aibu ya dakika moja ni ndogo. Wao wamesikia mengi, na hawawezi kukulinda na jambo ulilolificha.

Sasa niseme kuhusu kipimo ambacho katika mkoa wetu wa Njombe hakikwepeki, kipimo cha virusi vya UKIMWI. Nitawaambia ukweli wote. Pombe haibadilishi majibu ya kipimo hicho. Ukinywa au usiponywa, kilichomo kwenye damu kitaonekana vilevile. Lakini kipimo hicho kina ushauri kabla na baada yake, na kwa kawaida hakuna anayepimwa bila kuridhia. Mtu mwenye kileo kichwani anaridhia nini? Anasikia nini? Mshauri mwema atamwambia aende zake arudi akiwa na akili timamu. Na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe, na kijana anaruhusiwa kupimwa kwa ridhaa yake tangu miaka 15. Ni jambo jema. Lakini nawaomba sana: usijipime usiku, peke yako, glasi ikiwa pembeni. Majibu ya kujipima yanahitaji kuthibitishwa kituoni, na moyo uliolewa hausubiri uthibitisho. Watu wamejiumiza kwa habari ambayo asubuhi wangeibeba.

Tena kuna hatari ambayo wazee huwa tunaizunguka bila kuisema. Gesti, baridi, pombe, na hofu ya kesho: hapo ndipo mtu anapotafuta mwili mwingine wa kujifariji, na kileo kinamsahaulisha kinga. Asubuhi anapimwa, anaambiwa hana maambukizi, anarudi nyumbani akishangilia. Kipimo cha leo hakiwezi kuonyesha kilichoingia jana. Virusi huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi mitatu, kabla ya kipimo cha kawaida kuvionyesha kwa uhakika. Kama usiku wa namna hiyo umeshakupitia, usikae kimya. Kuna dawa za kuzuia maambukizi, na zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Sema palepale.

Lakini hayo yote, wanangu, si kubwa kuliko hili ninalotaka mlishike. Ubaya mkuu wa pombe ya kuamkia kipimo ni kuahirisha. Nimeiona njia yake ikipitiwa na watu wengi, na hatua zake ni zilezile. Jioni kijana anakunywa kidogo ili apate ujasiri. Ujasiri haupatikani, anaongeza. Alfajiri kichwa kinamgonga, anasema nilale kidogo. Akizinduka, foleni imeshakuwa ndefu. Anasema nitakuja wiki ijayo. Anapanda gari anarudi Makambako, na ndani ya gari anajisikia mwepesi, karibu afurahi, kwa sababu hakuambiwa lolote. Wiki ijayo inakuwa mwezi ujao, mwezi unakuwa mwaka. Mara ya pili anapoletwa, haji kwa miguu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza: si kila mficha maradhi huwaficha wengine. Wengi hujifichia wenyewe, na pombe ndiyo inayowasaidia kujificha.

Hofu hii mnayoinywea, je, mnajua imetoka wapi? Nadhani mmeirithi kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ugonjwa ukafuata barabara na biashara, ukafika kwetu, kwenye njia panda ya malori Makambako, kwenye safari za wafanyabiashara wetu, kwenye kambi za mbao, mpaka kwenye vijiji vya Makete ambako kila ukoo ulizika. Bibi wazee walibaki na wajukuu wengi kuliko vitanda. Wakati ule kupimwa kulikuwa ni kuambiwa jina la kifo chako, basi. Hapakuwa na dawa ya kukupa. Mtu aliyeogopa kipimo mwaka 1994 alikuwa na sababu yake, na aliyekwenda kilabuni badala ya hospitali sithubutu kumhukumu. Kipimo kilikuwa hakimwongezei siku.

Ninyi hamko kwenye zama zile. Mpango wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulianza mwaka 2004. Tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipimwa hadharani Dar es Salaam kuanzisha kampeni ya taifa ya upimaji, ili mwananchi aone kwamba hata mkuu wa nchi ananyoosha mkono. Tangu Oktoba 2016 anayekutwa na virusi anaanzishiwa dawa bila kusubiri adhoofu. Anayemeza dawa zake vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi anaishi umri wake, na hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Mama anazaa mtoto salama. Haya yangekuwapo miaka ile, nyumba nyingi za Makete zingekuwa na akina baba na akina mama leo. Kipimo kilekile kilichokuwa hukumu sasa ni mlango. Msiende mlangoni na hofu ya babu zenu mkiwa mmeilowesha kwa waini.

Sikilizeni hesabu za mkoa wetu. Utafiti wa taifa wa 2011/12 ulikuta Njombe ina maambukizi asilimia 14.8 ya watu wazima. Ule wa 2016/17 ulikuta asilimia 11.4. Ule wa 2022/23 ukakuta asilimia 12.7, wakati taifa zima lilikuwa asilimia 4.4. Bado tunaongoza nchi. Lakini utafiti huohuo wa mwisho una habari nyingine inayonipa nguvu ya kuandika. Kwa nchi nzima, kati ya watu wazima 100 wenye virusi, takriban 83 tu ndio waliokuwa wanajua hali yao. Ila kati ya kila 100 waliojua, karibu 98 walikuwa kwenye dawa. Tazameni vizuri hapo. Mtu akishajua, anatibiwa. Pengo liko kwenye kujua. Liko kwenye usiku ule wa kuamkia kipimo, na kwenye asubuhi ile ambayo mtu alilala badala ya kwenda.

Na msidhani nazungumzia ugonjwa mmoja. Binti, kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi kwenye vituo vyetu vingi kinafanywa kwa kupaka siki kidogo na kutazama. Ni dakika chache, na majibu unapewa hapohapo. Mabadiliko ya mwanzo yakionekana yanatibika kabla hayajawa saratani. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yuko kwenye hatari ya saratani hiyo mara sita zaidi ya mwenzake asiye navyo, kwa hiyo katika mkoa huu kuahirisha ni hatari mara mbili. Kijana wa kiume, mwambie baba yako kuhusu tezi dume, na wewe mwenyewe usiione presha na sukari kuwa ni maradhi ya wazee. Kote huko kanuni ni ileile: ugonjwa ulioonwa mapema una tiba nyepesi na gharama ndogo.

Najua mtakavyonijibu, maana mmeshanijibu.

Mtasema: bibi, ulanzi ni wetu, ni mila. Ndiyo, ni wetu. Msimu wa mvua mianzi inapogemwa, chipukizi likakatwa asubuhi na jioni na mbeta za kukingia zikajaa, nani wa nyanda hizi asiyejua utamu wa mtogwa, ule ulanzi mpya, kabla haujachacha ukawa mkangafu? Lakini ikumbukeni mila yenyewe. Ulanzi ulinywewa mchana wa furaha, kwenye harusi, kwenye shukrani baada ya kazi ya pamoja ya mgowe, watu wakiwa wengi na mzee akitazama nani amezidisha. Mila haikumpa mtu mmoja mwenye hofu chungu chake akajifungie nacho chumbani. Anayekunywa peke yake gesti ili asisikie moyo wake hajafuata mila yoyote ya Wabena wala ya Wakinga.

Mtasema: mbona Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo? Alimshauri, na alimshauri kwa ajili ya tumbo, kama mtu wa zama ambazo dawa zilikuwa chache na maji ya kunywa hayaaminiki. Hakumwambia anywe ili akimbie habari. Paulo huyohuyo anawahimiza watu kukesha na kuwa na kiasi. Msichukue mstari mmoja mkaufanya kizibo cha chupa.

Mtasema: ni glasi moja tu, tena nyekundu, inasaidia moyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Na pombe imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Sisemi hivi ili kumtisha anayekunywa harusini. Nasema ili msiite dawa kitu ambacho si dawa. Na glasi moja usiku wa hofu haikai moja, kwa sababu hofu haishibi.

Mtasema: hatunywi gongo wala viroba, sisi tunakunywa kistaarabu. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, na ilikuwa heri, maana vilimaliza vijana wengi. Lakini hata chupa ya bei kubwa inapita kwenye ini lilelile na ubongo uleule.

Basi mfanye nini? Sitawakataza kitu nikawaacha mikono mitupu.

Kwanza, mwambie mtu. Mtu mmoja, mwenye jina, kabla ya siku hiyo. Si lazima umweleze kila kitu. Mwambie tu: Alhamisi nakwenda kupima, naogopa, naomba tuwe wote. Hofu iliyosemwa hupungua nusu yake palepale. Kama hawezi kusafiri nawe, apokee simu yako usiku ule na asubuhi ile. Weka salio mapema kwa ajili hiyo. Bei yake ni ndogo kuliko chupa.

Pili, uliza. Hofu nyingi ni ya kutojua. Muulize muuguzi: kipimo hiki kinafanywaje, kinauma wapi, nile au nisile, maji naruhusiwa, dawa zangu za kila siku nimeze au nisimeze, majibu yanatoka lini, na gharama ni kiasi gani. Mengi mnayoyaita hofu ya ugonjwa ni hofu ya pesa, na hiyo huna haja ya kuificha. Iulize mchana, ujue cha kutafuta, uwaeleze ndugu mapema. Na kumbuka kwamba pesa ya jioni ya waini ingeweza kusaidia kulipia utrasaundi.

Tatu, ipange jioni yenyewe. Kula mapema ukiruhusiwa kula, chakula cha kawaida. Usinywe kahawa nzito usiku. Oga maji ya moto, maana mwili uliopashwa moto hulala vizuri zaidi. Vaa soksi, huko Makete si mahali pa kujidai mbele ya baridi. Weka karatasi zako zote kwenye bahasha moja: rufaa, kitambulisho, bima kama unayo. Andika maswali yako kwenye karatasi, kwa sababu mbele ya daktari utayasahau. Ukishaongea na mtu wako, weka simu kando, uache kutafuta humo dalili za ugonjwa wako, kwa maana ukitafuta usiku utakutana na mabaya matupu. Vuta pumzi kwa pua polepole, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, urudie mpaka mabega yashuke. Sali kwa namna yako. Mwislamu ana swala yake, Mkristo ana sala yake, na Mungu anasikia hata sala ya mtu anayetetemeka.

Usingizi usipokuja, usijilaumu. Usiku mmoja wa kukesha hauui, na ukienda kupima ukiwa na usingizi machoni, majibu yatakuwa bado ni yako.

Nne, panga majibu yote mawili. Jiambie: wakisema niko salama, nitafanya hivi ili nibaki salama. Wakisema nina tatizo, nitamwambia fulani kwanza, nitauliza hatua inayofuata, na sitafanya uamuzi wowote mkubwa siku hiyo. Mtu aliyepanga hivyo hata majibu mazito yanamkuta amesimama. Na jioni ya majibu vilevile, yawe mazuri au mabaya, usiipeleke kilabuni. Habari nzito inahitaji watu, na habari njema inastahili kukumbukwa.

Tano, niseme na wewe ambaye pombe imeshakuwa ya kila siku. Usisikie maneno yangu ukaacha ghafla, peke yako. Mwili uliozoea kileo kingi ukikatiziwa ghafla unaweza kutetemeka vibaya, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Nenda kwa mhudumu wa afya umweleze kiasi unachokunywa, kwa ukweli, naye akusaidie kupunguza kwa usalama. Kusema hivyo ni ushujaa mkubwa kuliko kupima. Na kama unatumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi, jua kwamba pombe inaongeza mzigo wa ini na kukusahaulisha saa ya kumeza. Sema, usaidiwe.

Ninyi marafiki na wenza, nina neno na ninyi pia. Mwenzako akikuambia anaogopa vipimo, jibu lako lisiwe kumwagiza bia. Ni rahisi kumnunulia mtu kinywaji kuliko kukaa naye. Kaa naye. Mpikie, mtembeze, msindikize, mshike mkono kwenye benchi. Akitoka chumbani, usiwe wa kwanza kuuliza majibu. Muulize kama amekula. Atakuambia mwenyewe akiwa tayari, na atakachokuambia kisitoke kwako kwenda kwa mwingine. Watu wengi hawaogopi ugonjwa. Wanaogopa midomo yetu.

Na sisi wazee wenzangu tuna la kufanya. Tumewazoesha watoto kwamba mwanamume haogopi na mwanamke huvumilia. Tukamcheka aliyelia, tukamnong'ona aliyeonekana kliniki. Kisha tunashangaa wanapojificha kwenye chupa. Tuwaambie kwamba na sisi tunaogopa, na kwamba tunakwenda kupimwa hivyohivyo. Kijana akimwona babu yake anakwenda kupima presha na tezi dume bila kuzungukazunguka, amefundishwa zaidi ya hotuba kumi.

Wajukuu zangu, nimezika watu ambao wangeishi kama wangepata kipimo na dawa. Sitaki kuzika watu ambao vyote viwili vilikuwapo, wakavikosa kwa sababu ya usiku mmoja. Kama una miadi wiki hii, chagua sasa hivi nani utamwambia, mpigie kabla ya jioni, na mkubaliane saa ya kuondoka. Kama miadi uliikwepa mwezi uliopita au mwaka jana, rudi. Hakuna mlango wa hospitali uliofungwa kwa aliyechelewa. Mungu awape akili safi ya kusikia majibu yenu, na watu wema wa kuyasikia pamoja nao.